KIDOLE NDIYO MTAJI: USINUNUE KIBODI KWA KUSIKIA MLIO

Kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto ndicho kilichonifanya nikuandikie haya ninayokuandikia leo. Tulia basi, maana habari yenyewe inakuhusu, hasa kama na wewe ni wale wa kukesha na gemu mpaka muadhini wa alfajiri anawakuta macho makavu.

Leo tunazungumza habari za swichi. Si swichi ya taa, hapana. Nazungumzia ile swichi ndogo iliyojificha chini ya kila kitufe cha kibodi ya kompyuta, ile inayoamua kama mkono wako utalala salama au utalala unawaka moto. Najua wapo watakaosema huyu dada ameishiwa, wiki jana mapenzi, wiki hii vitufe. Semeni tu. Mapenzi yakikuumiza utapata wa kukubembeleza. Kidole kikikuuma unabaki nacho peke yako, na kazi inakungoja.

Mchana mimi ni mchapaji katika steshenari moja hapa Mabibo. Nachapa barua za kuomba kazi, mikataba ya kupangisha vyumba, tafiti za wanafunzi wa chuo zenye kurasa mia na ushee. Malipo ni kwa ukurasa. Usiku nikirudi nyumbani nachapa safu hii, halafu Ijumaa na Jumamosi naingia uwanjani: Counter-Strike 2 na Dota 2. Ndiyo, msichana nacheza gemu za kupigana risasi. Funga mdomo, nzi wasiingie.

Sasa ukipiga hesabu, vidole vyangu vinafanya kazi kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa sita za usiku. Baba hakuniachia shamba wala nyumba. Cheti changu ni cha Kidato cha Nne. Mtaji wangu ni hivi vidole kumi. Kwa hiyo kile cha kushoto kilipoanza kuchoma kama kimeguswa na pilipili kila nikishikilia Shifti, nilikwenda zahanati bila kuchelewa. Daktari alinipima, akaniambia maneno matatu tu ya maana: pumzisha mkono, nyoosha kifundo, punguza nguvu unayobonyezea.

Mawili ya kwanza niliyaelewa palepale. La tatu ndilo lililonipeleka kwenye swichi.

NDANI YA KITUFE KUNA NINI?

Kibodi nyingi tunazozikuta maofisini na kwenye masteshenari ni za mpira. Ukifungua utakuta karatasi za plastiki zenye nyaya zilizochorwa, na juu yake vijikombe vya mpira. Ukibonyeza, kijikombe kinabonyea mpaka chini kabisa, karatasi zinagusana, herufi inatokea. Ubaya wake ni huo hapo: lazima ufike chini. Bila kugonga sakafu, hakuna herufi. Na mpira ukizeeka unakuwa mgumu au unakuwa kama ugali uliolala, huku kidole ndicho kinacholipa deni.

Kibodi za mekaniki ni habari nyingine. Kila kitufe kina swichi yake inayojitegemea, yenye springi ya chuma na kijiti kinachopanda na kushuka. Katika swichi nyingi za kawaida, safari nzima ya kijiti ni milimita 4, lakini kitufe kinaitika kikifika milimita 2 tu. Maana yake nusu ya safari iliyobaki si lazima uimalize. Ukishazoea, unagusa na kuachia, kama mtu anayeonja mchuzi usiku asisikike.

Vitu hivi si vya jana. Mwaka 1985 IBM ya Marekani ilitoa kibodi iitwayo Model M, yenye uzito unaozidi kilo mbili na springi zinazojikunja kwa mlio. Mpaka leo wapo wazee wanaoitumia na hawataki kusikia nyingine. Kampuni ya Cherry nayo ilianza Marekani mwaka 1953, baadaye ikahamia Ujerumani, na katika miaka ya 1980 ikaleta swichi zake za MX. Hizo MX ndizo zilizozaa lugha ya rangi tunayoisikia madukani: nyekundu, buluu, kahawia, nyeusi. Baadaye, katika muongo wa 2010, ulinzi wa kisheria wa ubunifu ule ulipokwisha, viwanda vya China kama Gateron, Kailh na Outemu vikaingia kwa kishindo. Hapo ndipo bei iliposhuka mpaka akina sisi tukaanza kuzishika.

Mchezaji anayebonyeza kitufe kile kile mara elfu kwa usiku mmoja anahitaji nini basi? Hapo ndipo watu wengi wanapopotezwa na muuza duka.

DAKIKA YA KWANZA NI YA MUUZAJI

Nenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, uliza kibodi ya gemu. Kijana atakuwekea mezani moja inayowaka taa za rangi saba kama meza ya diijei. Atabonyeza vitufe mfululizo, ka-ka-ka-ka, kisha atakutazama usoni. "Dada, sikiliza mwenyewe. Inalia kama bunduki. Hii ndiyo ya gemu. Unamchukulia mdogo wako?"

Hapo amekushika. Dakika ya kwanza kila kitu kinachopiga kelele kinavutia. Ni kama kiatu kipya, dukani kinang'aa na kinakukaa vizuri, lakini ukweli wake unaujua ukishatembea kutoka Ubungo mpaka Manzese. Swichi nayo inajulikana saa ya tatu. Dakika ya kwanza inachagua sikio, saa ya tatu kinachagua kidole. Ukinisahau kwa yote, hilo usilisahau.

Mimi nimebahatika kuwa na kaka mmoja jirani, fundi wa kompyuta, ambaye chumbani kwake kibodi zimepangwa kama sufuria za mama ntilie. Nilimwomba aniazime moja moja, kila moja niikalie wiki nzima: mchana kazini nachapia, usiku nachezea. Akacheka, "Mdogo wangu, hata mchumba huchunguzwi hivyo." Nikamwambia mchumba nitamwona jioni tu, hii nitashinda nayo.

Haya, sikiliza niliyoyaona.

KOO TATU ZA SWICHI

Ukoo wa kwanza ni wa mlio. Buluu ndiye kiongozi wao. Ukibonyeza unasikia kitu kinaruka ndani, "tik", na kidole kinahisi kigingi kidogo. Kwa kuchapa barua, wallahi ni raha. Mlio unakuambia herufi imeingia, kwa hiyo huna haja ya kukandamiza. Lakini kwa gemu ana tabia moja mbaya. Akishaitika, lazima umwachie apande juu kuliko pale alipoitikia ndipo akubali kuitika tena. Kwenye Counter-Strike unapotaka kugusa A, D, A, D harakaharaka ili usimame palepale na kulenga, buluu anakuchelewesha, na kidole kinaanza kunyanyuka sana. Saa ya tatu mkono wangu ulikuwa umechoka kama nimetwanga kisamvu.

Ukoo wa pili ni wa kinundu bila mlio. Kahawia ndiye maarufu. Ukishuka unahisi kijilima kidogo katikati, halafu unateleza. Huyu ni mpole, wa kati kwa kati, anafaa kwa mtu ambaye, kama mimi, mchana anachapa na usiku anacheza. Kwenye Dota, ambako unagonga Q, W, E na R kwa mpigo na unataka kuwa na hakika kwamba uganga umetoka, kijilima kile kinasaidia. Wapo wanaomponda, wanasema kinundu chake ni kama mchanga kwenye wali. Mimi sikuona mchanga, lakini kila mtu na ulimi wake.

Ukoo wa tatu ni wa kuteleza moja kwa moja, hakuna kinundu, hakuna mlio. Hapa wako nyekundu na nyeusi. Tofauti yao ni springi: nyekundu laini, nyeusi ngumu. Wachezaji wengi wa gemu za risasi wako ukoo huu, na sababu yake ni nyepesi kuielewa. Kwenye gemu hizo vitufe vingi havigongwi, vinashikiliwa. W unaishikilia unapokwenda mbele, Shifti unapotembea kwa kunyata, Kontroo unapochutama. Kitu cha kushikilia muda mrefu hakitaki kigingi, kinataka springi isiyokusukuma sana.

Na hapo ndipo nilipojua kidole changu kidogo kinaonewa wapi. Shifti na Kontroo zote mbili ni mzigo wa kidole kile kile, ambacho ndicho dhaifu kuliko vyote. Ni sawa na nyumba ambayo maji ya ndoo wanamtuma kitinda mimba kila siku.

SARAFU ZA MIA TANO ZINASEMA UKWELI

Rangi, mpenzi msomaji, si sheria. Nyekundu ya kiwanda hiki si lazima iwe sawa na nyekundu ya kiwanda kile. Kitu cha kuangalia ni uzito wa springi. Kwenye maboksi huandikwa kwa gramu au kwa sentinyutoni, na kwa hesabu ya mtaani gramu moja na sentinyutoni moja zinakaribiana, usiumize kichwa. Kwa Cherry, nyekundu ni 45, kahawia ni 55, buluu na nyeusi ni 60.

Namba hizo zilikuwa hazinisemi kitu mpaka tulipofanya mchezo mmoja na yule kaka fundi. Sarafu yetu ya shilingi 500, ile yenye nyati, ina uzito wa gramu 9.5. Chomoa kofia za vitufe vya jirani ili sarafu ipate nafasi, maana ni pana. Fungua ukurasa mtupu kwenye kompyuta. Kisha panga sarafu taratibu juu ya kitufe kimoja, moja baada ya nyingine, katikati kabisa, mpaka herufi ijitokeze yenyewe.

Nyekundu iliitika kwa sarafu 5. Kahawia ikataka 6. Nyeusi ikagoma mpaka ya 7. Swichi za viwandani hupishana kidogo, kwa hiyo kwako inaweza kuongezeka moja au kupungua moja. Kisha tukaipima kibodi ya mpira niliyokuwa nayo, ile kongwe. Sarafu 8, kimya. Zikaanza kumwagika mezani kabla haijaitika.

Sasa piga picha. Tofauti ya nyekundu na nyeusi ni sarafu 2 tu, utaona ni kitu kidogo. Lakini zile sarafu mbili kidole kidogo kinazibeba kila mara unaponyata na Shifti, usiku mzima. Mkungu wa ndizi haukuchoshi ulipoubeba, unakuchosha ulipofika nao.

Basi utasema, si nichukue iliyo laini kuliko zote? Polepole. Zipo swichi za gramu 35 na ushee, na yule kaka anayo kibodi moja ya namna hiyo. Nilichapa nayo siku mbili. Kidole kikipumzika tu juu ya kitufe, herufi imeshatoka. Barua ya mteja ikajaa "aaa" na "sss", na kwenye gemu nikawa natupa bomu ambalo sikulikusudia, wenzangu wanapiga kelele kwenye spika. Ukishaogopa kugusa, unaanza kuning'iniza vidole hewani, na kuvining'iniza kunachosha kuliko kubonyeza. Kwa hiyo laini mno nayo ni adhabu. Mtu mwenye mkono mzito, mzoea kugonga, nyeusi inaweza kumfaa zaidi kuliko nyekundu. Kipimo ni kidole chako, si cha jirani.

KELELE NA WATU UNAOISHI NAO

Hili wauzaji hawalisemi, na wazungu wanaozisifia swichi wengi wao wana vyumba vyao wenyewe. Mimi naishi chumba kimoja na mdogo wangu wa Kidato cha Nne. Kitanda chake na meza yangu vimeachana kwa hatua mbili. Ukuta wa pili ni wa mama mwenye nyumba, na juu ni bati bila dari. Ukipiga chafya huku, kule wanasema "afya".

Wiki ya buluu, usiku wa pili tu, mdogo wangu aliketi kitandani akaniambia kwa heshima zote, "Dada, mimi naota napigwa na mvua." Asubuhi mama mwenye nyumba naye akaniuliza kwa upole ule wa kutisha, "Mwanangu, ulikuwa unapigilia misumari usiku?" Nikaelewa. Starehe ya kibodi haiishii kwenye ncha ya kidole. Yule binti ana mtihani wa taifa mbele yake. Kama usingizi wake ndio unaolipia gemu yangu, hiyo siyo starehe, ni wizi wa usiku.

Dawa ipo. Kuna swichi za kimya, ambazo ndani yake wameweka vipande vidogo vya mpira pale kijiti kinapogonga chini na kinaporudi juu. Cherry wanayo nyekundu ya kimya: uzito ni ule ule wa 45, inaitika kwenye milimita 1.9, na safari nzima ni 3.7. Sauti inashuka, inabaki "fup, fup" kama mtu anayetembea na soksi. Wapo wanaolalamika kwamba mwisho wake ni kama unakanyaga zulia. Sawa. Mimi kwa mdogo wangu nitalikanyaga zulia hilo mpaka atoe cheti chake.

Na hata hiyo nyekundu isiyo ya kimya ina kelele, usidanganyike. Haina mlio wa ndani, lakini ukiigonga mpaka chini plastiki inalia. Ukiwa nayo, weka kitambaa kizito au kanga iliyokunjwa chini ya kibodi, meza isivume.

KASI, SUMAKU NA MANENO MENGI

Sasa tuje kwa wale wa "nataka ya haraka". Kuna swichi za fedha, ambazo Cherry wanaziita Speed. Hizo zinaitika mapema, milimita 1.2 tu. Uzito ni wa nyekundu. Kwa mwenye kidole kilichotulia ni nzuri. Kwa mwenye kidole cha haraka kama changu ni yale yale ya bomu lisilokusudiwa.

Mpya mjini ni swichi za sumaku. Zinatumia kanuni aliyoigundua Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879, kwamba sumaku huathiri umeme unaopita karibu yake kwa namna inayoweza kupimwa. Ndani ya kitufe kuna sumaku, chini kuna kifaa kinachopima imeshuka kiasi gani. Hakuna vyuma vinavyogusana kupitisha umeme. Kampuni ya Uholanzi iitwayo Wooting ndiyo iliyozipa jina miongoni mwa wachezaji. Raha yake ni kwamba unaweza kuiambia kompyuta kitufe kiitike wapi, tangu milimita 0.1 mpaka 4.0, na unaweza kuagiza kizimike papo hapo kidole kikianza kunyanyuka, bila kusubiri kifike juu.

Wengi wanaisifia kwa ajili ya kasi. Mimi nilipoijaribu niliipenda kwa sababu nyingine. Niliweka Shifti na Kontroo ziitike juu sana ili kidole kidogo kisihangaike, A na S nikaziweka chini kidogo ili nisibonyeze kwa bahati mbaya. Hiyo ndiyo starehe ya kushonewa nguo kwa vipimo. Bei yake sasa, shikilia moyo. Ni kodi ya chumba changu kwa miezi kadhaa.

Na kwenye kasi mambo yalifika mahali yakakaribia kuwa kucheza rafu. Mwaka 2024 kampuni ya Razer ilileta mbinu ya Snap Tap, ambayo ukibonyeza A na D kwa pamoja kibodi yenyewe inachagua ya mwisho, kwa hiyo mchezaji anasimama na kugeuka bila ufundi wa kidole. Agosti mwaka huohuo Valve, wenye Counter-Strike, wakapiga marufuku mbinu za namna hiyo kwenye seva zao rasmi. Ukikutwa unatolewa mchezoni. Kwa hiyo ukinunua kibodi yenye mbinu hiyo, izime kabla hujaingia uwanjani.

Halafu tuambiane ukweli, sisi wa Dar. Ukicheza Counter-Strike kutoka hapa, seva ya kutumainia ni ya Johannesburg. Risasi yako inasafiri kutoka Mabibo mpaka Afrika Kusini na majibu yanarudi. Hiyo milimita moja uliyoipunguza kwenye swichi inamezwa na safari hiyo kabla hujapepesa jicho. Usinunue kasi ambayo bando lako haliwezi kuibeba. Nunua mkono usiouma, kwa sababu asiyeumwa mkono ndiye anayecheza vizuri saa ya tatu, wakati wenzake wameanza kukunjua vidole na kulaani.

UKIFIKA DUKANI

Haya, umepata mshiko, unakwenda kununua. Kwanza uliza kama swichi zake zinachomoka. Zipo kibodi ambazo swichi zimeunganishwa kwa risasi, ikifa moja unamtafuta fundi. Na zipo ambazo unaichomoa kwa koleo ndogo na kupachika nyingine, kazi ya dakika moja. Chukua hizo. Ila uliza swichi za miguu mingapi zinaingia, mitatu au mitano, maana ya miguu mitano haiingii kwenye matundu ya mitatu bila kuikata.

Pili, usiguse kitufe kimoja ukaridhika. Omba kiti, keti, weka mkono kama uko kwenye gemu, shikilia Shifti na W kwa pamoja, hesabu polepole mpaka sitini. Muuzaji akinuna, mwache anune. Kidole kikianza kutetemeka kabla hujafika sitini, rudisha.

Tatu, angalia urefu wa kibodi. Za mekaniki nyingi ni nene, na ukizisimamisha miguu ya nyuma kifundo kinapinda kwenda juu. Laza miguu hiyo. Kama bado kifundo kimepinda, weka kitambaa kilichokunjwa mbele ya kibodi kiganja kipumzikie unapokuwa hubonyezi. Nne, vumbi. Mji wetu unaujua. Kila jioni ifunike kwa kanga, na chai iwe mbali.

Na tano, swichi si dawa. Kama vidole vinakufa ganzi, au unaamka usiku mkono haushiki, hilo si la Kariakoo, ni la daktari. Swichi nzuri kwenye mkono ulioumia ni godoro zuri kwenye nyumba inayovuja.

NILICHOKICHUKUA MIMI

Utaniuliza, sasa wewe dada uliishia wapi? Nilinunua kibodi ya kawaida tu, ya Kichina, isiyo na jina kubwa, yenye swichi zinazochomoka na zinazoteleza, za kimya, uzito wa sarafu 5. Halafu yule kaka fundi akanipa nyepesi mbili za gramu 35, nikazipachika chini ya Shifti na Kontroo ya kushoto peke yake. Kwenye vitufe hivyo viwili kidole hakipumziki, kwa hiyo ulaini haunisumbui. Kazi ya dakika tano, na kitinda mimba wangu akapunguziwa ndoo.

Siku hizi nambeba mgongoni kwenye begi kibodi yangu, asubuhi naye steshenari, jioni naye nyumbani. Wateja wananishangaa. Juzi baba mmoja mtu mzima aliyekuja kuchapiwa mkataba wa kiwanja aliniuliza, "Binti, hiyo mashine mbona haina sauti, inaandika kweli?" Nikamwambia, "Shikamoo baba, inaandika." Akaupokea ukurasa, akausoma mstari kwa mstari, akatikisa kichwa.

Kidole je? Kimepoa. Sisemi ni swichi peke yake, maana pia kila baada ya dakika arobaini nasimama, nanyoosha mikono, nakunywa maji, na Jumapili sigusi kitufe. Lakini mchana wa kurasa thelathini na usiku wa mechi tatu sasa vinapita bila ile pilipili.

Kwa hiyo wewe unayesoma haya kwenye daladala huku umeshikilia bomba, usiulize rangi gani ndiyo bora. Uliza kidole chako kinachapa kazi gani, kinashikilia nini, kwa saa ngapi, na pembeni yako amelala nani. Ukishajibu hayo, rangi itajitaja yenyewe.

Mdogo wangu anaanza mtihani mwezi wa Novemba. Mwombeeni. Kazi kwako, tuonane wiki ijayo Mungu akipenda.